Deki ya Sita

Phelista aliweka kidole juu ya chumba kisicho na dirisha na akakataa kukiondoa.

"Hiki," alisema. "Deki ya sita. Vitanda vinne, na hakiyumbi."

Ramani ya meli ilikuwa imetandazwa mezani kati ya vikombe vya chai na sahani ya mahindi ya kuchemsha. Nyumba ya Rosaline pale Kitale haijawahi kukosa watu, na siku hiyo ilikuwa imejaa kupita kiasi, maana wifi yake alikuwa amerudi. Miaka saba Phelista ametandika vitanda vya wageni kwenye meli ambayo ukimsikiliza utadhani ni Bungoma nzima imeelea. Desemba meli hiyo itapita Mombasa, na kampuni imemruhusu kualika jamaa zake kwa siku saba: kaka yake Wamalwa, Rosaline mke wa Wamalwa, na watoto, Ivy na Mukhisa. Watu wazima na Mukhisa nusu bei. Ivy bure.

Kilichobaki ni kuchagua chumba tu.

"Mulamwa wangu," Rosaline alimwambia wifi yake, "watu watoke Kitale mpaka baharini, halafu wakae wiki nzima wakiangalia ukuta? Hata jela iko na dirisha." Akagonga ramani juu kabisa. "Hapa, ya tisa. Iko na kibaraza."

"Waambie, Mama Ivy!" alidakia Jepkosgei, jirani aliyekuja saa nne kuazima chekecheke, na sasa ilikuwa saa saba. "Na hii deki ni nini, bana? Mimi deki najua ni ya kupiga na kitambaa."

Watu wakacheka.

"Ni ghorofa ya meli, na ndiyo hiyo hiyo," Phelista alisema. "Na ya sita naipiga mimi."

Hapo ndipo neno lilipokuwa. Mhudumu wa vyumba, alieleza, haruhusiwi kuzurura kwa abiria. Ana vyumba vyake kumi na vinne, asubuhi na jioni, basi. Wakikaa deki ya sita, ataingia kwao mara mbili kila siku. Wakikaa ya tisa, watakuwa meli moja na hatawaona hata mara moja mpaka washuke.

"Nitatandika kitanda cha Ivy, kile cha ukutani," alisema. "Hapati usingizi mgongo usipogusa kitu. Nitamkunjia taulo iwe kama ndovu, akirudi aikute kwa mto."

"Siku saba ukimtandikia?" Rosaline alicheka, lakini kikombe chake kiligonga meza. "Atazoea, arudi hapa anisumbue."

Wamalwa alikuwa anabandua punje za hindi moja moja na kuzipanga kwenye sahani.

"Rosaline, nisikilize," Phelista alisema. "Mukhisa anapanda hata kabati. Kibarazani utamshika?"

"Nitamfunga na leso."

Jepkosgei akamwinamia mama aliyekaa karibu naye. Yeye hunong'ona kwa sauti ya kufika jikoni. "Huyu wa meli ana madharau. Miaka yote hii ushawahi kumsikia akisema Mama Ivy? Ni Rosaline, Rosaline, kama waliosoma darasa moja." Kisha akageuka. "Na wewe Phelista, mbona Ivy asafiri bure na Mukhisa alipiwe? Si afadhali mdogo?"

"Kampuni inachukua mtoto mmoja."

"Ati mmoja! Na ni nani alichagua?"

"Ni fomu, Jepkosgei. Kunywa chai."

Rosaline alisimama. "Basi tuulize mwenye safari. Ivy! Kuja hapa."

Ivy aliingia mbio, miguu ina vumbi hadi magotini. Rosaline akamshika mabega yote mawili, akamsimamisha mbele ya ramani. Phelista alisogeza vikombe kando ili mtoto aone vizuri. Kidole chake kilibaki deki ya sita.

Ivy aliangalia chini, akaangalia juu. "Hapa kwa tisa tutaona bahari?"

"Mtaiona," wanawake wawili walijibu pamoja.

"Basi hapa." Akamgeukia Phelista. "Na wewe, anti, unalala wapi?"

"Chini kabisa. Chini ya maji."

Ivy alifikiria. "Nitakuwa nagonga sakafu ujue niko," alisema, kisha akarudi nje kucheza.

"Kwisha!" Jepkosgei akapiga makofi. "Mwenye safari amesema!"

Phelista aliangalia mlango aliopitia mtoto. Halafu akaondoa kidole. Kilikuwa kimeacha alama ya jasho juu ya kile chumba kisicho na dirisha.

"Haya," alisema polepole. "Nipe kalamu, Mama Ivy."

Jepkosgei alimpiga yule mama wa kando yake kiwiko. "Umesikia? Amesema!" Rosaline hakucheka. Alileta kalamu, akampa Phelista kwa mikono miwili, akakaa chini bila kumwangalia.

Phelista alijaza fomu. Deki ya tisa. Watu wanne.

"Na hiyo nafasi ya bure wanataka nini?" Jepkosgei aliuliza.

"Cheti cha kuzaliwa."

"Mama Ivy, si ukilete basi, tumalize."

Rosaline hakuinuka. Punje za Wamalwa zilimwagika sakafuni, na hakuziokota.

"Ninacho mimi," Phelista alisema.

Aliingia chumba cha wageni, akarudisha mlango. Akafungua mkoba wake wa safari, akatoa cheti cha Ivy kutoka ndani ya Biblia, akakilaza kitandani ili akipige picha. Mikunjo ilikuwa imeanza kula herufi. Akakinyoosha kwa kiganja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mstari wa jina la mama ukasomeka: Phelista Nekesa Wakoli.