Tonge la Kwanza

Mkono wa Faki uliokatwa na msumeno kiwandani ulikuwa umeota tena, mpaka kucha. Siku hizi kliniki huziamsha tu zile jeni zilizouchora mkono mtu akiwa tumboni mwa mamaye, basi kiungo huchipua kama muhogo. Ila huanza kichanga. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa akizipunguza kucha hizo kwa meno, kama za mtoto asiyetimiza arubaini, maana wembe aliuogopa.

Mchana huo Faki alinawa, akakiweka kijiko kando, akaupeleka ule mkono mdogo kwenye sinia. Akafinya tonge la wali, dogo kama kunde, akalitia kinywani.

"Alhamdulillahi!" Mwanaidi alicheka huku machozi yanamtoka. Aibu ya kula kwa kushoto ilikuwa imemtenga mumewe na kila karamu. "Sasa utakaa sinia moja na wenzio, Baba Siti!"

Akaushika ule mkono kwa furaha. Vidole vikakizunguka kidole chake, vikakaza.

"Haya, niachie nikuongezee mchuzi."

Faki aliutazama mkono, kisha akamtazama mkewe.

"Mimi nimeshakuachia, Mama Siti."