Fainali ya Cherehani

Mama alikaza bandeji mguuni mpaka Cherehani akaing'ata kola ya jezi yake. Walikuwa wamejifungia kwenye choo cha uwanja, bomba likidondosha maji, na nje kipaza sauti kikiwaita wasichana wa mita elfu tatu.

"Vumilia, mwanangu. Ukimaliza leo utapumzika mpaka uchoke kupumzika."

Jina la Cherehani alipewa na wenzake shuleni, kwa jinsi miguu yake ilivyochapa chini bila kuruka mshono. Lakini tangu mwezi uliopita mashine ilikuwa imeanza kukwama. Muundi wa kulia ulimuuma akikimbia, kisha ukamuuma akitembea, na sasa ulimuuma hata akiwa amelala chali.

Mama hakukaa kimya. Alimpeleka hospitali, mguu ukapigwa picha, na majibu akayafuata mwenyewe ili mtoto asikose masomo. Alirudi anatabasamu. Msuli tu umechoka, alisema, mfupa wenyewe ni chuma kitupu. Akafunga saluni yake mapema siku hiyo, akaenda shuleni kumkabili kocha. Aliporudi kutoka huko, tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Nimemweleza kila kitu," alisema, akautupa mkoba kitini. "Unajua kanijibu nini? Eti maumivu ni ugonjwa wa wavivu. Ukikosa fainali, ile nafasi ya chuo cha michezo anampendekeza mwingine. Mtu aliyekula mezani kwangu! Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Na usimtajie mguu tena, utampa sababu ya kukuacha."

Cherehani alilia kama mtoto mdogo. Kocha ndiye aliyemwona akikimbizana na wenzake kidato cha kwanza, akamfundisha kupumua, akamwita binti yangu mbele ya watu. Kumbe binti alikuwa punda wa kubebea vikombe. Tangu hapo alimsalimia kwa adabu na kumchukia kimoyomoyo.

Na kocha, kila mazoezi, alimwuliza lilelile: "Binti, una hakika uko tayari?"

"Niko tayari, Mwalimu," alijibu, maana alijua ule ni mtego. Akisema hapana tu, amekwisha. Saluni nzima ilishajua jina la chuo, na wateja walimpongeza mama huku vichwa vikiwa vimejaa povu.

Kwa hiyo alikimbia. Alitangulia tangu mwanzo, akiuona uwanja kupitia machozi. Mama alikuwa amesimama juu ya benchi, sauti imemkauka kwa kushangilia. Kocha alikuwa pembeni ya njia, macho yote kwenye ule mguu wa kulia.

Kwenye kona ya mwisho kitu kililia ndani ya mguu, ta, kama kijiti kikavu. Cherehani alikisikia kabla hajakihisi. Kisha alikuwa chini, shavu kwenye mchanga, na viatu vya wenzake vikampita kimoja baada ya kingine.

Hospitalini mama alimshukia kocha mbele ya wauguzi.

"Umeridhika sasa? Watoto wa watu ndio ngazi yako ya kupandia? Wako ungemfanyia hivi?"

Kocha alifungua mdomo.

"Nyamaza! Sitaki kusikia hata neno lako moja!"

Cherehani alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha picha. Mguu ulimuuma, lakini moyo uliuma zaidi. Alimtazama mtu aliyemhesabu kama baba yake wa pili, na safari hii hakumkwepa macho.

"Nilikuamini, Mwalimu," alisema. "Ulijua naumia, ukaniacha nikimbie."

Kocha alivua kofia. "Nilijua nini, binti?"

"Mwone! Anajifanya mgeni!" mama alidakia, akamshika mwanawe mkono na kuubana kifuani. "Usipoteze pumzi yako kwa huyu. Mimi nipo."

Cherehani aliegemeza kichwa kwenye mkono ule. Angalau duniani alikuwa na mtu mmoja.

Mlango ukafunguliwa. Daktari wa mifupa, mzee mwenye sauti ya taratibu, alitoka na picha mpya, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mjukuu wangu. Mfupa umekatika kabisa."

Alishusha picha, akageuka kuwatafuta wazazi. Alimpita kocha kwa macho kama mtu asiyemfahamu, akatua kwa mama, na hapo uso wake ukachangamka.

"Ala, kumbe huyu ndiye binti yako, mama," alisema kwa upole. "Na yale magongo ya kutembelea niliyokukabidhi mwezi uliopita, aliyakataa?"