Akaunti ya Mwenye Mashine

Virusi viliwahi kula kazi za wateja, na kompyuta ya duka la uchapaji ilikuwa ya zamani. Mishi alitaka kuisajili kwa watengenezaji wa programu yake iendelee kupata masasisho ya usalama, lakini kitufe cha kujisajili hakikutokea. Akaunti yake haikuwa na mamlaka. Yenye mamlaka ilikuwa ya mumewe, Hamadi.

“Nipe nywila yako,” alimwambia.

“Ili unipekue?”

Hamadi alifunga mlango kwanza, kisha akamshika nywele na kumbamiza uso kwenye meza. Jino likamtoka. Alipomwinua ambamize tena, Mishi alikuwa ameshaupapasa na kuushika mkasi wa kukatia karatasi. Akamchoma nao pajani, akauchomoa. Hamadi akaanguka chini akiugulia maumivu.

“Nitajie herufi moja moja,” Mishi alisema, ncha ya mkasi ikimwelekea.

Hamadi akazitaja, Mishi akaziandika. Kitufe kikatokea, Mishi akakibonyeza. Kisha akaipa akaunti yake mamlaka yote, ya Hamadi akaifuta.

Mtu alibisha hodi nje. “Mnatoa kopi?”

Mishi alimeza damu.

“Tunatoa,” akajibu, na mkasi bado mkononi, akaenda kufungua.