Aliyeiba Dhambi ya Wariara

Wariara alikuwa ameshainuka nusu, mkono ukiwa ndani ya kiondo, wakati Mzee Gachanja alipoiba dhambi yake.

"Bwana asifiwe," mzee alisema. "Ndugu zangu, ile blanketi ya memsahib iliyopotea kwa kamba ya nguo mwaka wa hamsini na tano, ni mimi nilichukua. Kiprugut alifukuzwa bure."

Watu arobaini waliojaa kibanda cha kukamulia wakageuka kumtazama. Wariara akarudi kuketi taratibu, mkono bado kiondoni.

Huko Dundori, kwenye shamba la mzungu walikofanya kazi, waliookoka walikutana kila Jumamosi alasiri ng'ombe wakishatoka. Kutembea nuruni, ndivyo walivyoita. Unasimama, unataja ulichoiba, unakirudisha, kisha mnaimba. Tangu mwaka uanze yalikuwa yamerudishwa majembe matatu, kuku kadhaa na mke mmoja wa watu.

Wariara alikuwa amejikaza wiki nzima. Ndani ya kiondo mlikuwa na nusu ya blanketi lile lile. Alilitwaa mwezi wa saba, baridi ikikata mifupa, Wangui wake akiwa na siku tisa na kikohozi kisichosikia dawa. Alilikata vipande viwili, akavichovya kwenye matope ili weupe upotee. Mtoto akapona. Lakini siku hiyo nyumbani kwa mzungu alikuwapo mpishi peke yake, Kiprugut, kwa hivyo akafukuzwa yeye, na barua aliyoandikiwa ikamfungia kila shamba kutoka Subukia mpaka Njoro. Mtu aliyekuwa akioka keki sasa alikuwa anapasua mawe kule Gilgil. Kwa miaka mitatu, kila akimfunika mtoto, Wariara alimkumbuka.

Na leo, siku aliyopata nguvu ya kusema, mzee huyu anamtangulia.

Tuseme ukweli, Gachanja alikuwa mzee wa kanisa aliyepungukiwa na dhambi. Wiki moja alitubu kwamba amemtukana ng'ombe. Wiki iliyofuata alitubu kwamba alisinzia kwenye mahubiri. Siku hizi akisimama watu walianza kukohoa. Wariara akaona mambo wazi kabisa: mzee ametamani dhambi kubwa kama ya wenzake. Tena mwenye kutubu huinamisha kichwa, lakini huyu alikuwa akizungusha macho, uso baada ya uso, kana kwamba anahakikisha kila mtu amesikia vizuri.

"Bwana mkubwa asiambiwe bado," Gachanja akaongeza. "Nipeni mpaka kesho mchana. Nitaenda kwake mimi mwenyewe."

Wakaimba. Akina mama walilia, wazee wakamkumbatia. Wariara naye aliimba, na aibu yake ni kwamba aliimba kwa raha. Basi, alijiambia, anayetaka kubeba na abebe. Kiprugut atasafishwa jina, Gachanja atapata sifa anayoitafuta, Wangui atabaki na blanketi. Nani ameumia?

Raha hiyo haikumaliza jioni. Alipomfunika mtoto aliona kwamba mahali pa mtu mmoja sasa wameumia wawili. Gachanja alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Mzungu angemtoa yeye na mkewe kwenye nyumba waliyozalia watoto wao wote, na wangeenda wapi? Wariara alijichukia. Halafu, chini ya kujichukia huko, akakuta kitu kingine kilichomwaibisha zaidi: alikuwa amekasirika. Mzee mzima wa kanisa, anasimama mbele za Mungu na kusema uongo namna ile! Ndiyo, mwizi alikuwa amekasirikia uongo. Binadamu ndivyo tulivyo, tukishindwa na wema wetu tunasimamia wa jirani.

Kufikia asubuhi alikuwa na shauri lake. Atamwendea mzee, atamwambia afute maneno yake, na habari za Wariara hazitaingia hapo. Ukweli utasemwa, lakini si lazima usemwe wote.

Aliwangoja majirani waende kanisani, ndipo akabisha mlango wa Gachanja. Mzee alifungua mwenyewe. Mkewe alikuwa ametangulia ibadani. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai, vyote vikitoa mvuke, na Wariara akafikiri mama wa watu ameondoka sasa hivi bila kumaliza chai yake.

"Karibu, Mama Wangui. Kuna shida?"

"Mzee, usiende kwa bwana mkubwa."

"Kwa nini nisiende?"

Wariara alikamata kiondo kwa mikono miwili. "Kwa sababu jana ulidanganya. Wewe si mwizi, mzee. Hiyo blanketi hukuchukua."

Alitarajia mzee akasirike, au aone haya. Gachanja hakufanya hata moja. Alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekuwa akiomba aje mwingine yeyote, ila si huyu.

"Jana walinisikia watu arobaini," alisema. "Wote wameniamini, Mama Wangui. Hata mke wangu ameniamini, na amelia mpaka asubuhi. Wa kujua kwamba si mimi ni yule aliyeichukua tu."

Kisha akageukia pazia la chumba cha ndani.

"Kiprugut," akaita kwa upole, "toka. Amekuja."