Mchi na Tasnifu

Mwanahawa alikuwa akitetea tasnifu yake ya udaktari wa uongozi wa vyuo, mbele ya maprofesa watatu waliomtazama kutoka kwenye kompyuta, mumewe Kombo alipoanza kuupiga mlango kwa mchi wa kinu.

"Fungua, mama Rukia! Ukiwa daktari, mimi nitakuwa nani humu ndani?"

"Kuna fundi hapo?" profesa mmoja akauliza.

"Ni mlango tu, Profesa," akajibu, akaendelea kueleza jinsi mkuu wa chuo anavyotuliza mgomo.

Komeo likang'oka. Pigo la kwanza likamshukia begani, la pili likapasua kiti. Akaikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni.

"Ilete hiyo! Leo naitwanga iwe unga!"

"Utaitwanga, baba Rukia. Kwanza wasalimie wageni."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kombo, kifua wazi, mchi juu ya kichwa, akakutana na nyuso tatu zilizomkodolea macho. Wa katikati ulikuwa uso wa mzee mwenye mvi tupu.

"Shikamoo," likamtoka kabla hajalizuia.

Mzee hakuitikia. Alivua miwani, akasubiri mchi ushushwe, nao ukabaki huko juu.