Nyegere Ahamia Mwisho wa Laini

Umeme ulipofika mwituni, Nyegere ndiye aliyeuuza, na wanyama wakamweka Kakakuona amsimamie.

Siku moja Kanga alimjia Kakakuona akilia. "Mzee wangu, umeme umekatika tena! Mayai yangu yote yameharibikia kwenye mashine ya kutotolea."

"Niruhusuni nipandishe bei, hautakatika," akadakia Nyegere aliyekuwa karibu, ambaye kwake taa hazikuwahi kuzimika.

Kakakuona alikuwa mpole, lakini safari hii alikasirika. "Bei haipandi ng'o! Ila wewe utahamia mwisho wa laini, jirani na Kanga."

Nyegere alihama amenuna. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, nyama zake zikaoza kwenye friji, alitoka mbio mwenyewe kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Mwezi uliofuata Kanga akatotoa vifaranga, tena kwa bei ileile.