Masizi ya Kiko

Siku hizo bangi ililimwa tu na ukoo uliothibitisha kwamba mababu zake waliivuta, na ushahidi ulikuwa masizi ndani ya kiko cha kale. Kiko kilichokubaliwa kilipelekwa makumbusho, kikae huko milele.

Kabula, kwa kuwa wageni wanakuja, alikisugua kiko cha ukoo wa mumewe kwa majivu mpaka kikang'aa.

Mkaguzi akakipima kwa mashine yake. Mashine kimya. "Shamba litang'olewa," akasema.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama mkwe akapiga ukunga.

Kabula akajishika kichwa. Hapo mashine ikalia, ikielekea kucha zake, nyeusi kwa masizi.

"Kumbe ushahidi huu hapa! Mmepita," mkaguzi akamwambia Kabula. "Mama, waage watoto, upande gari la makumbusho."

Kabula akamgeukia mama mkwe. Huyo alikuwa tayari anamkunjia kanga za safari.